Sura ya 5: Nusu ya Kidonge

Katika Njisi na kata nyingine za Kyela, kwenye nyanda za chini kati ya mto Songwe na Ziwa Nyasa, kakao ndiyo ada ya shule, ndiyo bati la nyumba, ndiyo nauli ya kwenda hospitali. Mnunuzi anayeijua kazi yake hupasua mbegu chache katikati kabla ya kuzungumza bei, akatazama rangi ya ndani. Zambarau iliyokolea maana yake haikuvundikwa vya kutosha. Kahawia yenye mipasuko mingi maana yake imeiva. Kati ya rangi hizo mbili kuna siku tano hadi saba ndani ya sanduku la mbao lililofunikwa majani ya mgomba, joto likipanda hadi karibu nyuzi 50, na yanayotokea humo ni mengi kuliko yanayoweza kuingia katika sura moja. Mimi nalifuata moja tu, nalo ni safari ya sukari.

Mbegu mbichi ya kakao imebeba sukrosi, sukari ileile tunayotia kwenye chai. Uvundikaji ukiendelea, kimeng'enya kilichomo ndani ya mbegu huipasua kila molekuli ya sukrosi vipande viwili: glukosi na fruktosi. Baadaye, kwenye kikaango cha mtengenezaji wa chokoleti, vipande hivyo hukutana na asidi amino na kuzaa harufu ambayo dunia nzima inaijua. Mbegu isiyovundikwa hubaki na sukrosi yake, na hata ukiikaanga vipi hupati harufu hiyo. Lakini badiliko hili lina dalili nyingine ambayo jicho tupu haliioni. Sukrosi ikiyeyushwa katika maji husokota mwanga kwenda kulia. Mchanganyiko wa glukosi na fruktosi uliozaliwa na sukrosi hiyohiyo husokota mwanga kwenda kushoto.

Hapa tunahitaji kwenda polepole, maana sura yote imesimama juu ya jambo hili, mpaka kwenye kidonge cha kichocho anachopewa mtoto shuleni.

Mwanga ni mtikisiko. Mwanga wa jua au wa taa hutikisika pande zote kwa pamoja: juu na chini, kulia na kushoto, na mishazari yote iliyo katikati. Vipo vichujio vinavyozuia mitikisiko hiyo yote isipokuwa ya upande mmoja. Mwanga uliopita humo tunauita mwanga uliopolarishwa, na ukiuwekea mbele kichujio cha pili kilichokaa mkingamo na cha kwanza, hakipiti kitu. Giza.

Unaweza kuliona hili nyumbani. Simu nyingi, zile zenye skrini ya LCD, hutoa mwanga ambao tayari umechujwa namna hiyo. Tafuta miwani ya jua ya polaroidi. Laza simu mezani ikiwa na ukurasa mweupe, itazame kutoka juu kupitia lenzi moja ya miwani, kisha uzungushe lenzi taratibu mpaka skrini iwe nyeusi. Simama hapo. Weka juu ya simu glasi ya maji matupu: weusi unabaki. Sasa badilisha, uweke glasi yenye maji ya sukari mazito, nusu kilo ya sukari katika lita moja ya myeyusho, kina cha sentimita 10. Skrini inang'aa tena, na inang'aa kwa rangi. Ili kuurudisha weusi, au kuukaribia, itakubidi uizungushe lenzi takriban digrii 33 kuelekea kulia, yaani upande ambao mishale ya saa inakwenda. Rangi zile zinatokea kwa sababu mwanga wa buluu husokotwa zaidi kuliko mwekundu, hivyo hakuna pembe moja inayozima rangi zote kwa mara moja. Ukipunguza sukari nusu, pembe inapungua nusu. Ukiongeza kina mara mbili, pembe inaongezeka mara mbili. Kipimo chote kimejengwa juu ya mambo hayo mawili, wingi na urefu wa njia.

Nusu ya pili ya jaribio inajulikana kwa kila mpishi wa kaimati wa pwani. Shira inapochemka hukamuliwa ndimu ili isigande. Tindikali ya ndimu ikisaidiwa na moto huipasua sehemu ya sukrosi, na sukari zikichanganyika hivyo hazigandi kwa urahisi. Laiti kuchemsha huko kungeendelea hadi sukrosi yote ipasuke, glasi yetu ingetoka digrii 33 kulia na kuishia karibu digrii 10 kushoto. Katika kipimo cha kawaida, yaani gramu moja kwa mililita na njia ya sentimita 10, sukrosi husokota digrii 66.5 kulia, glukosi 52.7 kulia, fruktosi 92 kushoto. Zikiwa sawasawa, fruktosi inashinda. Asali ya maua nayo kwa kawaida husokota kushoto, kwa kuwa fruktosi yake huizidi glukosi. Asali iliyochakachuliwa kwa maji ya sukari husogea kulia, na kuna maabara zinazowakamata wachakachuaji kwa njia hiyohiyo.

Mfaransa Jean-Baptiste Biot ndiye aliyeonyesha, mwaka 1815, kwamba tapentaini, kafuri iliyoyeyushwa na maji ya sukari vyote husokota mwanga. Miaka minne kabla yake, François Arago alikuwa ameliona jambo hilo katika fuwele za kwatzi, lakini kwatzi ikivunjwa mpangilio wake uwezo huo hupotea. Alichokiona Biot kilikuwa kigeni zaidi. Katika kimiminika molekuli zimetapakaa ovyo, kila moja imeelekea kwake, na bado mwanga unasokotwa kwa pembe ileile. Maana yake ni kwamba uwezo huo unakaa ndani ya molekuli yenyewe.

Viwanda vya sukari vilikichukua kipimo cha Biot mapema, na havijakiacha. Katika maabara za TPC kule Moshi au za Kilombero, juisi ya miwa hupitishwa kwenye polarimeta, kifaa cha kupimia pembe hiyo ya msokoto, na namba inayotoka huitwa pol. Kwa kanuni ya kimataifa, gramu 26 za sukrosi safi katika mililita 100, ndani ya bomba la milimita 200, ni alama 100. Kwa mkulima mdogo wa Kilombero anayepeleka miwa kiwandani, tani peke yake haitoshi, kwa sababu kiwango cha sukari nacho kinaingia kwenye hesabu ya malipo. Naamini kila mkulima anayelipwa kwa namba hiyo anastahili kusimama mbele ya polarimeta walau mara moja, aambiwe bomba ni lipi, mwanga unaingia wapi, na pembe inasomwaje. Ni mizani yake kama ilivyo mizani ya tani.

Swali ambalo Biot hakulijibu ni hili: kitu gani ndani ya molekuli kinachokijua kulia na kushoto?

Jibu lilianza kuonekana mwaka 1848, mjini Paris, kwa kijana wa miaka 25, Louis Pasteur. Mapipa ya mvinyo huacha ukoko unaotoa asidi tartariki, na asidi hiyo husokota mwanga kulia. Lakini viwanda vilikuwa vimepata aina nyingine, yenye atomu zilezile kwa idadi ileile, ambayo haikuusokota mwanga hata kidogo. Pasteur alitengeneza chumvi ya asidi hiyo ya pili pamoja na sodiamu na amonia, akaiacha igande, akaitazama kwa hadubini. Fuwele zilikuwa za namna mbili. Kila moja ilikuwa na kikato kidogo pembeni, na kikato hicho kwa baadhi kilikaa kulia, kwa nyingine kushoto. Akazichambua moja moja kwa kibano, akafanya mafungu mawili. Fungu moja likasokota mwanga kulia, jingine likausokota kushoto kwa pembe ileile. Akiyachanganya sawasawa, mwanga hausokotwi. Biot, wakati huo mzee wa miaka 74, hakusadiki mpaka kazi ilipofanywa mbele ya macho yake, kwa kemikali alizozitoa yeye mwenyewe.

Ugunduzi huu ulitegemea hali ya hewa ya Paris. Chumvi ile hujigawa katika fuwele za kulia na za kushoto pale tu joto linapokuwa chini ya takriban nyuzi 27. Juu ya hapo, pande zote mbili huingia katika fuwele moja na hakuna kibano kitakachozitenganisha. Ziwa Nyasa liko mita 475 hivi juu ya usawa wa bahari, na joto la mchana ufukweni mwake hupita nyuzi 27 mara kwa mara. Pasteur angekuwa na meza yake Njisi badala ya Paris, angegandisha chumvi yake mchana kutwa asione chochote.

Sababu ya ndani ilielezwa mwaka 1874 na vijana wawili waliofanya kazi kila mmoja kivyake, Mholanzi Jacobus van 't Hoff na Mfaransa Joseph Le Bel. Atomu ya kaboni hushika majirani wanne, na majirani hao hawakai bapa kama tunavyowachora ubaoni; wanasimama katika pembe nne zilizotawanyika pande zote angani. Majirani wote wanne wakiwa tofauti, kuna njia mbili za kuwapanga, na mpangilio mmoja ni taswira ya mwingine kwenye kioo. Ndala za miguu yako ziko hivyohivyo. Zina kanda zilezile, unene uleule, uzito uleule, na bado ukiigeuza ya kushoto juu, chini, ubavu, haitakuwa ya kulia. Ndiyo maana kimiminika kilichojaa molekuli za upande mmoja husokota mwanga hata zikiwa zimetapakaa: vyovyote itakavyoelekea, kila moja inabaki ya upande wake. Molekuli ya namna hii huitwa kairali, na wale pacha wawili huitwa enantioma. Mchanganyiko wao sawa kwa sawa, ule ambao haugeuzi mwanga, huitwa rasemeti.

Van 't Hoff alidhihakiwa hadharani na Hermann Kolbe, mkemia mkubwa wa Leipzig, aliyeona haya ni mambo ya njozi. Mwaka 1901 van 't Hoff alipewa Tuzo ya Nobel ya kemia, ya kwanza kabisa kutolewa.

Wanafunzi wengi hujikwaa mahali pamoja hapa. Upande ambao molekuli inasokotea mwanga haukuambii moja kwa moja jinsi atomu zake zilivyopangwa. Pacha mmoja akisokota kulia, mwenzake atasokota kushoto, hilo ni hakika. Lakini yupi kati ya michoro miwili ubaoni ndiye anayesokota kulia? Kwa zaidi ya miaka 50 wanakemia walichora kwa kubahatisha, wakifuata chaguo la Emil Fischer, wakijua kwamba bahati ni nusu kwa nusu. Mwaka 1951 Johannes Bijvoet na wenzake, kule Utrecht, waliipima chumvi ya asidi tartariki kwa eksirei na kuonyesha kwamba Fischer alikuwa amepatia. Kama angekosea, michoro yote ya sukari katika vitabu vya dunia ingepinduliwa.

Turudi kwenye vitu vilivyo hai, maana huko ndiko upande unakokuwa jambo la kula na kuugua. Asidi amino zinazojenga protini za mwili wako ni za upande mmoja, uitwao L. Glukosi ya damu yako ni ya upande mmoja, uitwao D. Vimeng'enya vyenyewe vimejengwa kwa vipande vya upande mmoja, na kwa hiyo vinapokutana na pacha wawili haviwapokei sawa, kama mguu usivyozipokea sawa ndala mbili. Pasteur aliona hata ukungu ukila asidi tartariki ya kulia na kuiacha ya kushoto. Asidi laktiki inayoachwa na misuli inayofanya kazi ni ya upande mmoja. Katika maziwa yaliyogandishwa na bakteria zinaweza kupatikana pande zote mbili, kwa sababu bakteria wa jamii tofauti wana vimeng'enya tofauti. Bakteria wa asidi laktiki wamo pia kwenye sanduku la kakao, wakipokezana kazi na hamira na bakteria wa siki.

Kakao ina habari nzito zaidi ya hiyo. Mbegu mbichi imejaa epikatekini, moja ya vitu vinavyoleta ukakasi mdomoni, na ambavyo watafiti wa moyo na mishipa wamevifuatilia kwa miaka mingi. Molekuli hiyo ina kaboni mbili zenye majirani wanne tofauti, hivyo inaweza kupangwa kwa namna nne. Mti wa kakao hutengeneza mbili tu, epikatekini ya kushoto kwa wingi na katekini ya kulia kwa uchache. Uvundikaji huipunguza epikatekini sana, na ndiyo sababu ukakasi hupungua. Kisha huja kukaanga. Moto ukipanda, kaboni moja ya epikatekini hufunguka na kujifunga kwa upande wa pili, na kinachozaliwa ni katekini ya kushoto, umbo ambalo mti haukulitengeneza. Kemikali za magadi zinazotumiwa viwandani kuifanya kakao iwe nyeusi na laini, ufundi unaohusishwa na Van Houten wa Uholanzi, huongeza ugeuzi huo. Vipimo kwa binadamu vimeonyesha kwamba katika yale maumbo manne, epikatekini ya kushoto ndiyo inayofyonzwa vizuri kuliko zote, na katekini ya kushoto ndiyo inayofyonzwa vibaya kuliko zote. Basi pakiti mbili za unga wa kakao zinaweza kuwa na idadi sawa ya atomu zilezile, na mwili ukapata kingi kutoka moja na kichache kutoka nyingine. Lebo inayojumlisha yote kwa jina moja haikuambii hilo.

Simlaumu mkulima kwa kuvundika. Analipwa kwa harufu, na harufu haiji bila kuvundika. Lakini mtu akikuuzia kakao iliyochomwa sana kama dawa ya moyo, muulize amebakiza nini.

Njia ya kibano haikuweza kuendelea. Rasemeti nyingi hazijigawi katika fuwele za pande mbili, hata Paris wakati wa baridi. Mwaka 1853 Pasteur alipata njia ya pili, ambayo ndiyo viwanda vinaitumia mpaka leo. Alichukua besi zinazotokana na maganda ya mkwinini, ambazo nazo ni za upande mmoja kwa sababu zimetoka kwenye mti, akaziunganisha na asidi tartariki ya pande zote mbili. Pacha wawili wakishikwa na mkono uleule hawawi pacha tena: muungano mmoja huyeyuka zaidi, mwingine huganda kwanza. Unachuja, unaondoa besi, umebaki na asidi ya upande mmoja. Mti ndio uliompa mwanadamu mkono wa kutenganishia.

Mkwinini huo una historia kwetu. Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti cha Amani, Usambara Mashariki, mwaka 1902, na mikwinini ikapandwa huko. Vita ya Kwanza ya Dunia ilipowafungia njia za bahari, Amani ndiyo iliyolitengenezea jeshi la Paul von Lettow-Vorbeck kwinini. Upande wa pili wa Ziwa Tanganyika na Kivu, kiwanda cha Pharmakina cha Bukavu kimekuwa kwa miongo mingi miongoni mwa watengenezaji wakubwa wa kwinini duniani. Ganda hilohilo linatoa pia kwinidini, yenye atomu zilezile, iliyotofautiana na kwinini kwa mpangilio wa kaboni mbili tu. Kwinini husokota mwanga kushoto na kutibu malaria. Kwinidini husokota kulia, na madaktari waliitumia zaidi kutuliza mapigo ya moyo yaliyovurugika.

Sasa kidonge.

Kichocho huletwa na minyoo wanaopitia kwa konokono wa maji kabla ya kuingia kwa mtu kupitia ngozi. Anayeoga, anayefua, anayevua samaki, anayepalilia mpunga kwenye maji, wote wamo hatarini, na Ziwa Nyasa ni miongoni mwa maziwa yanayojulikana kwa ugonjwa huu. Tanzania hutajwa kuwa ya pili Afrika kwa mzigo wa kichocho, baada ya Nigeria. Dawa yake ni moja, prazikwanteli, iliyogunduliwa katika miaka ya 1970 na kampuni za Bayer na Merck za Ujerumani. Wakati wa kingatiba shuleni, mwanafunzi hula kwanza, husimama kando ya kijiti chenye alama za urefu, na urefu wake huonyesha vidonge vingapi apewe. Lengo ni miligramu 40 kwa kila kilo ya mwili. Mtoto wa kilo 30 anahitaji miligramu 1,200, yaani vidonge viwili vya miligramu 600, vikubwa na vichungu. Wengine hutapika.

Prazikwanteli ni rasemeti. Pacha anayeua mnyoo ni yule anayesokota mwanga kushoto, aitwaye R. Yule wa kulia, S, hana karibu kazi yoyote dhidi ya mnyoo. Mwaka 2019 watafiti waliutambua mlango katika utando wa seli za mnyoo ambao dawa huufungua ili kalsiamu iingie kwa fujo na misuli ya mnyoo ikakamae, na mlango huo humwitikia R kwa nguvu na S kwa unyonge. Kwa hiyo kati ya zile miligramu 1,200 alizomeza mtoto, 600 hazikuhitajika. Kuna ubaya zaidi. Watafiti walipoupima uchungu, mwaka 2009, walikuta kwamba R peke yake si chungu kama mchanganyiko. Nusu isiyotibu ndiyo inayochangia zaidi uchungu unaomfanya mtoto aiteme nusu inayotibu.

Kila ninapoyafikiria haya naona uzito wake. Dunia iliijua kairali tangu 1848. Kwa magonjwa ya matajiri, viwanda vilianza mapema kutenganisha pacha na kuuza upande mmoja kwa bei ya juu. Kwa kichocho, ugonjwa wa watu wasio na fedha, nusu tupu iliachwa ndani ya kidonge kwa miongo mingi kwa sababu kuitoa kungeongeza gharama, na dawa hii thamani yake yote ni kuwa rahisi kiasi cha kugawiwa bure kwa mamilioni.

Mwaka 2011 Matthew Todd wa Chuo Kikuu cha Sydney, pamoja na wenzake na kampuni ya Syncom ya Uholanzi, walichapisha njia nafuu ya kuwatenganisha pacha wa prazikwanteli. Kazi waliifanya hadharani, kila mkemia akiruhusiwa kuitazama na kuikosoa ikiwa bado inaendelea. Wakaichukua molekuli inayotangulia prazikwanteli, wakaiunganisha na kitu cha upande mmoja, muungano mmoja ukaganda, wakachuja. Kitu hicho kilitengenezwa kwa asidi tartariki, ileile ya mapipa ya mvinyo. Pasteur alitumia mkwinini kuigawa asidi tartariki. Miaka 158 baadaye asidi tartariki ikatumika kuigawa dawa ya kichocho.

Wakati huohuo muungano wa mashirika uliohusisha Merck ya Darmstadt na Taasisi ya Afya ya Kitropiki ya Uswisi ulikuwa ukiandaa kidonge cha watoto wadogo. Jaribio la ladha lilifanyika hapa Tanzania, likiongozwa na Taasisi ya Afya Ifakara, na matokeo yakachapishwa mwaka 2021. Watoto wa miaka 6 hadi 11 waliionja dawa bila kuimeza, kisha wakaonyesha kwenye mstari wenye picha za nyuso ni kwa kiasi gani wameipenda. Kidonge kinachoyeyuka chenye R peke yake kilipendwa kuliko kidonge cha zamani. Hao ni watoto wa Kitanzania waliotumia ulimi wao kufanya kazi ya polarimeta.

Jaribio la mwisho la tiba lilifanyika Kenya na Kodivaa, likiwa na watoto 288 wa kuanzia miezi 3 hadi miaka 6. Dawa ikapewa jina la arprazikwanteli. Huenda ukadhani dozi yake ni nusu ya ile ya zamani, miligramu 20 kwa kilo, kwa kuwa nusu tupu imeondolewa. Sivyo. Kwa watoto hao wadogo ilihitajika miligramu 50 kwa kichocho cha tumbo na 60 kwa kichocho cha mkojo. Faida iliyopatikana ni ladha inayovumilika, kidonge kidogo cha miligramu 150 kinachoyeyuka katika maji, na kipimo kilichochunguzwa kwa umri ambao zamani mhudumu alilazimika kukivunja na kukisaga kidonge cha mtu mzima kwa makisio. Desemba 2023 Wakala wa Dawa wa Ulaya uliiunga mkono, Mei 2024 Shirika la Afya Duniani likaiidhinisha kwa ununuzi wa mashirika ya kimataifa, na mwaka 2025 Uganda ikaanza kuwapa watoto.

Kijiti cha kupimia urefu husimamishwa shuleni, na kimewahudumia wa miaka 5 hadi 14. Mdogo wao, anayebebwa mgongoni mama akienda kufua na kuogeshwa katika maji yaleyale, hakuwa kwenye foleni hiyo. Shirika la Afya Duniani hukadiria kuwa watoto kama huyo wanaohitaji tiba ni karibu milioni 50, wengi wao Afrika. Kemia yao imekwisha kufanywa. Kilichobaki ni bei ya kidonge, bajeti ya wilaya, na mhudumu wa afya wa kijiji atakayekipeleka mpaka nyumbani.